Naomba ushauri: mchoro umekwama, shanga zinanimeza
Hamjambo wanakikundi. Niko Kisumu, nachora na pia natengeneza hereni na bangili za shanga, vyote kwenye meza moja ya kulia chakula. Shanga ndizo zinalipa kodi ya nyumba. Mchoro wangu wa mashua za Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, umesimama tangu Machi: maji nimemaliza, tanga bado jeupe. Nikishika brashi tu, najikuta napanga shanga kwa rangi hadi jioni. (Zimepangika kweli!) Nilijaribu kuchora asubuhi, shanga mchana, rangi ya akriliki ikakaukia kwenye sahani nikiongea na mteja kwa simu. Wenzangu wa kazi mbili, mnagawa kwa saa au kwa siku? Na mchoro uliokwama mnaurudiaje bila kuogopa kuuharibu?