Watafsiri wa Biblia walitufanya watoto: Lewiathani mara joka, mara mamba!

Wakuu, leo mnivumilie, nimechefukwa. Na kabla hamjaanza kuniita mpagani, mimi ni Mkristo, ibada sikosi, na ninayoizungumzia ni Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952, hiyohiyo iliyojaa majumbani mwenu.

Fungueni Zaburi 74:14. Mungu anaviponda vichwa vya lewiathani, lile dude la baharini. Vichwa, sio kichwa. Isaya 27:1 yupo tena, nyoka mwenye kuzongazonga, na upanga wa Bwana unamngoja. Zaburi 104:26 yumo baharini anacheza zake. Haya, sasa njooni Ayubu 41:1: "Je! Waweza wewe kumvua mamba kwa ndoana?"

Mamba! Kwenye Kiebrania ni jina lilelile, liwyatan, kote huko. Nani kambadilisha, na mbona hatukuambiwa? Nakala yangu haina hata tanbihi ya mstari mmoja chini ya ukurasa.

Halafu endeleeni na sura hiyohiyo. Huyo "mamba" anatoa mienge ya moto kinywani na moshi puani. Jamani, Rufiji mamba wapo, wanakamata watu kila leo, nani kamwona akipuliza moto? Sura ya 40 ndiyo kichekesho kabisa, kiboko anatikisa mkia kama mwerezi. Aliyewahi kumwona kiboko akinya, namna anavyokizungusha kile kimkia chake kutapanya mavi, aje atuambie huo mwerezi uko wapi.

Na wala hili halikushuka kutoka mbinguni. Samuel Bochart, mchungaji Mfaransa, alichapisha mwaka 1663 kitabu kizito kuhusu wanyama wa Biblia, akasema behemothi (ndiye huyo wa Ayubu 40) ni kiboko na lewiathani ni mamba. Sawa, msomi huyo, lakini ni maoni yake. Mwaka 1929 wakaanza kufukua mji wa kale wa Ugarit, pwani ya Syria, vikatoka vibao vya udongo vinavyomtaja nyoka mwenye vichwa saba, jina lake linashabihiana na Lewiathani, na sifa anazopewa ni karibu zilezile za Isaya 27. Kwa hiyo mwandishi wa Ayubu alikuwa anaongelea dude ambalo wasikilizaji wake walilijua tangu utotoni, na Mungu anamwambia Ayubu: mimi ndiye ninayeliweza. Ukiweka mamba hapo, hoja yote imekufa. Mamba hata wawindaji wanamuweza.

Sasa la Rahabu, hili ndilo limenileta hapa. Yoshua 2 ni yule mwanamke wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi. Isaya 51:9 na Ayubu 26:12 ni dude la baharini ambalo Mungu alilipiga. Kwa Kiebrania ni majina mawili, herufi ya katikati tofauti, hata matamshi tofauti. Kwetu yote yameandikwa Rahabu, basi. Matokeo yake nimemsikia mhubiri kwa masikio yangu, spika zimefunguliwa mtaa mzima, akifundisha kwamba yule kahaba alirudia uzinzi ndipo Mungu "akamkata vipande vipande". Watu: amina! Mama wa watu, yumo kwenye ukoo wa Yesu, Mathayo 1:5, amekatwakatwa madhabahuni kwa kosa la herufi moja.

Isaya 34:14 nako, Lilith, jini jike la usiku ambalo hata Wababeli walilijua, kageuzwa babewana. Bundi! Walidhani tutaogopa? Nchi ambayo mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walilala nje kwa kumwogopa jini popobawa inafichwa jini la Isaya?

Nyie wa klipu za "farasi mwenye pembe moja yumo kwenye Biblia" tulieni. Huyo ni wa King James, Biblia ya Kiingereza ya 1611, waliofuata tafsiri ya kale ya Kigiriki iliyoandika "mwenye pembe moja". Kiebrania kinasema re'em, na wengi wanakubali ni ng'ombe-mwitu mkubwa wa zamani, ambaye wa mwisho alikufa Poland mwaka 1627. Kumbukumbu 33:17 inataja pembe zake, na kwa mfano wa ng'ombe. Watafsiri wetu waliweka nyati, na hapo nawapa heko, huwezi kupata jirani wa karibu zaidi kwa msomaji wa huku.

Kwa hiyo uwezo walikuwa nao. Sidai wafute mamba wala kiboko, wenye kuamini hivyo waamini. Nadai tanbihi: "Kiebrania: lewiathani". Maneno mawili, wino kiasi gani huo? Toleo linarudiwa kuchapwa miaka nenda rudi, jalada linabadilishwa rangi, zipu zinawekwa, tanbihi hakuna.

Wenye Kiebrania chenu karibuni mnikosoe. Wa "Roho atakufunulia" na wa "hao walikuwa dinosauri", piteni tu.