Malori ya mradi wa sola yazuiwe saa za shule? Tujadili

Mtoa mada: Wadau, mnaujua mradi wa umeme jua wa shirika la umeme, TANESCO, kule Kishapu, Shinyanga: megawati 150, awamu ya kwanza 50, kwa mkopo wa Wafaransa. Mimi naunga mkono sola. Kituo kikishawaka hakidai lori la mafuta wala la makaa. Utaona mlinzi, fundi na mfyeka nyasi, basi. Maana yake adha karibu yote inamwangukia mwanakijiji wakati wa ujenzi. Kwa awamu zijazo, hapo na kwingineko, napendekeza mkataba uzuie malori saa watoto wanapokwenda na kutoka shule. Mnasemaje?

Dereva wa semi: Rahisi kusema ukiwa ofisini. Kontena la paneli linatoka bandari ya Dar, karibu kilomita 1,000, mizani njia nzima. Nafika njia panda naambiwa nisubiri kengele ya shule? Posho ya kulala analipa nani?

Mwana-Shy: Dereva, saa moja haikuui. Ila mtoa mada naye kashika dogo kaacha kubwa. Kubwa ni msimu. Huku ni mbuga, udongo mweusi. Mvua ikinyesha, lori moja la kokoto likizama linaacha mifereji miwili, na bodaboda iliyombeba mjamzito haipiti tena. Kwetu alikuja mkandarasi mmoja wa barabara, boza lake la maji lilikuwa linamwaga siku ya wageni tu. Siku nyingine uji tuliunywa na vumbi. Kokoto na transfoma viingie kiangazi, Juni hadi Oktoba.

Mnunuzi wa pamba: Juni hadi Oktoba? Ndipo pamba inapotoka vijijini kwenda kiwandani, barabara hiyohiyo! Halafu mradi ukichelewa, riba ya mkopo tunalipa sisi sote.

Mtoa mada: Hapo kwenye pamba mmenibana, na kuhusu msimu Mwana-Shy yuko sahihi. Basi ratiba ipangwe na kijiji na wanunuzi wa pamba, siyo na mkandarasi peke yake. Lakini kuna jambo hamjaligusa. Kikomo cha Afrika Mashariki cha tani 56, lori na mzigo wake, kinapimwa kwenye lami. Barabara ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, inayoingia kijijini haina mizani. Kwa hiyo ipigwe picha kabla ya lori la kwanza, mwenyekiti wa kijiji, TARURA na mkandarasi wasaini, na malipo ya mwisho yazuiwe mpaka irudishwe ilivyokuwa. Na masharti ya cheti cha mazingira yabandikwe kwa Kiswahili ofisi ya kijiji.

Mwana-Shy: Pamoja na namba ya simu ya kulalamikia. Ya mtu anayepokea.

Dereva wa semi: Haya, nitasubiri. Ila hapo njia panda wekeni maegesho, choo na mama ntilie.