Binti yangu anakwenda kuishi na familia mwenyeji Marekani: maisha ya ndani ya nyumba yakoje?

MamaMpendae (Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Binti yangu wa miaka 16 amechaguliwa kwenda kusoma Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo kupitia mpango wa YES, ule ulioanzishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 2002 na ambao umekuwa ukipokea vijana wa sekondari kutoka nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Tanzania. Atakaa katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, kwa familia ya baba, mama na watoto wawili, na wana mbwa anayelala ndani. Viza na tiketi zinashughulikiwa na wahusika. Ninachouliza ni maisha ya kila siku: atakula nini, ataswali vipi, chooni atafanyaje ilhali sisi tumezoea maji, na yule mama wa nyumba atamwitaje?

Kuna jambo moja linaloninyima usingizi kuliko hayo yote. Binti yangu ni mpole. Akiudhika hunyamaza na kuingia chumbani, na akipewa chakula asichokipenda husema ameshiba. Hapa kwetu tunamsifu kwa hilo. Nahofia kule wataona ana kiburi. Waliopitia naomba wanieleze kwa kirefu.

Mwanatanga

Wa alaykum salaam, na shikamoo mama. Nilikaa mwaka wa masomo wa 2024/25 kwa familia ya Minnesota, jimbo linalopakana na Iowa kwa upande wa kaskazini, kwa hiyo naamini mengi yatafanana.

Hofu yako ni ya kweli, nami ningependa binti yako aijue kabla hajapanda ndege. Katika nyumba niliyokaa, mtu akifunga mlango wa chumba kuanzia anaporudi shule hadi usiku, wenyeji hudhani kuwa amekasirika, anaumwa au hawapendi. Hawatamfuata kumbembeleza kama tufanyavyo sisi, kwa sababu kwao kumwacha mtu peke yake ndiyo heshima. Basi yeye ananyamaza kwa adabu, nao wananyamaza kwa adabu, na wiki zinapita. Afanye kazi zake za shule kwenye meza ya jikoni, hata kama hana la kusema. Akiulizwa kama anataka chakula na ana njaa, aseme ndiyo mara ya kwanza, maana huenda asiulizwe mara ya pili.

Kuhusu choo, anunue kopo au chupa ya plastiki akifika, na amweleze mama wa nyumba siku ya kwanza kuwa sisi hutumia maji. Ni jambo dogo sana likisemwa mapema. La kuzingatia ni sakafu: vyoo na bafu vyao kwa kawaida havina tundu la kutolea maji sakafuni, na penginepo chini pana zulia, hivyo maji yakimwagika hupenya mbao na kuharibu dari ya chumba cha chini. Akioga, ncha ya pazia iwe ndani ya hodhi. Akitawadha kwenye sinki, apanguse maji yote kwa kitambaa. Wenyeji wengi hukerwa na jambo hili kuliko tunavyofikiri, na wachache hulisema.

Mbwa nilimweleza baba wa nyumba kwamba mate yake hutulazimu kuosha nguo kabla ya kuswali. Alielewa mara moja, tukakubaliana kuwa chumba changu mbwa haingii. Nilitandika msala wangu humo na sikupata taabu tena.

Ramadhani ilikuwa jambo lililotuunganisha. Mwaka 2025 mfungo ulianza Machi mosi, na tarehe 9 Machi Wamarekani wakasogeza saa mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka. Jana yake tulifuturu saa 12 na dakika chache jioni, ambao karibu ndio wakati wao wa chakula cha usiku. Kuanzia siku hiyo ikawa baada ya saa 1. Nilikuwa tayari kula peke yangu, lakini mama wa nyumba alisogeza chakula cha familia nzima hadi mfungo ulipokwisha. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa ameiona ratiba ya swala niliyoibandika kwenye friji tangu mwezi wa Rajabu, akajifunza kuisoma. Ndiyo maana nasema binti yako aeleze mambo yake mapema, kwa maandishi ikiwezekana.

ShangaziOhio

Dada yangu, hongera kwa binti. Mimi ninaishi Columbus na nimewapokea wageni wa aina hii wikendi nyingi.

Chakula kisikutie hofu. Nyama halali katika mji mdogo haipatikani kirahisi, lakini samaki, mayai, maharage, wali na mboga vipo kila duka. Nguruwe ndiye wa kuangaliwa, kwa kuwa hujificha: yumo katika baadhi ya maharage ya kopo, katika peperoni ya juu ya piza, na mara nyingi katika jelatini ya peremende laini. Amwombe mama wa nyumba waende dukani pamoja juma la kwanza, wasome maandishi ya pakiti. Safari hiyo moja itamfundisha mama yule zaidi ya maelezo yoyote ya mezani. Akiweza kubeba iliki na mdalasini, awapikie pilau.

Jina la kumwita mama, amuulize mwenyewe. Wengi watataka kuitwa kwa jina lao la kwanza, na binti yako atasikia vibaya mwanzoni. Asijilazimishe, wapo wanaofurahi kuitwa mama.

Kisha ajue kwamba familia hizi hazilipwi. Kanuni za viza ya J-1, yaani ile ya wanaokwenda kwa mipango ya kubadilishana, kwa wanafunzi wa sekondari zinakataza kuwalipa wenyeji, kwa hiyo wamefungua mlango kwa hiari, nao wanatarajia mtoto wa nyumbani: atoe vyombo kwenye mashine ya kuoshea, afue nguo zake, atoe taka zamu yake ikifika. Binti aliyelelewa Unguja kazi hizo anaziweza, ila asisubiri kutumwa.

MwalimuMstaafu (Mombasa)

Naongeza upande wa haki zake, kwa kuwa upole una hatari pia. Watu wazima wote wa nyumba hiyo hukaguliwa rekodi za jinai kabla ya mwanafunzi kupelekwa. Ni lazima awe na kitanda chake. Yupo mwakilishi wa mpango katika eneo hilo ambaye hutakiwa kuwasiliana naye angalau mara moja kila mwezi, na mwakilishi huyo haruhusiwi kuwa mwenyeji wake. Akiona jambo lisilo sawa amwambie huyo mapema. Kuhamishiwa familia nyingine ni utaratibu uliopo, wala si aibu kwake au kwako. Nimewaona wanafunzi wangu wawili wakihama, na mmoja wao alimaliza mwaka akiwa na furaha kubwa.

MamaMpendae (Unguja)

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Nimemsomea binti, na suala la mlango wa chumba limemgusa. Je, nimpigie simu kila siku?

Mwanatanga

Hapana mama, hasa miezi ya mwanzo. Wakati wa baridi Iowa iko nyuma yetu kwa saa 9, kwa hiyo saa 2 usiku ya Unguja atakuwa darasani, na ukisubiri atoke utampata jioni yao, wakati ambao familia imekaa pamoja naye anapaswa kuwa nao. Chagueni Jumamosi saa 12 jioni ya kwetu, ambayo kwake ni saa 3 asubuhi. Siku nyingine akuandikie tu.