Naombeni ushauri: nina miaka 45, masjala imehamia kwenye kompyuta na kichwa changu hakishiki

Mama Folio (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Siku zote humu huwa nasoma na kupita, leo yamenifika.

Mimi ni mtunza kumbukumbu kwenye ofisi moja hapa Dodoma, kule Mtumba. Nilihama na ofisi kutoka Dar mwaka 2017, naishi Nkuhungu. Kazi ya masjala nimeifanya miaka ishirini na nilikuwa naijua. Ukinitajia barua ya 2011 nakwambia iko jalada gani, folio ya ngapi (namba ya karatasi ndani ya jalada), na afisa gani alilirudisha likiwa na doa la chai.

Sasa tumehamia kwenye mfumo. Barua ikiingia unaiskani, unaipakia, unaipeleka kwa afisa humo humo. Tulifundishwa siku moja, watu kama arobaini ukumbini. Kijana anabonyeza huku anaongea, mimi bado natafuta alipobonyeza, yeye kashafika ukurasa wa tatu. Nilipouliza akanijibu, "Mama, wewe angalia tu kwanza." Nikaangalia mpaka jioni.

Mwezi uliopita ndipo nilipoaibika. Nimepakia barua ya mkurugenzi, nimebonyeza tuma, kiduara kinazunguka tu. Nikabonyeza tena. Na tena. Mtandao ulipokaa sawa, barua ile ile imemfikia mara nne. Akapiga simu mwenyewe: "Masjala, leo mna haraka gani?" Ofisi nzima ilicheka. Hadi leo kuna kijana korido akiniona ananiita Mama Mara Nne.

Sasa kilichonileta. Bi mkubwa wetu wa masjala anastaafu Juni. Bosi ameniita, anataka kupendekeza jina langu, ila sharti niweze kuwaelekeza wenzangu mfumo. Nimeomba wiki mbili nifikirie, na ukweli moyo wangu unataka kukataa. Kidato cha nne, 1998, nilipata F ya hesabu. Mambo ya mashine sina kichwa nayo. Mume wangu anasema nikubali. Mtu wa miaka 45 anabadilika kweli, au nimwachie binti wa ofisini aliyetoka UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) juzi? Matusi hapana jamani.

Konda wa Jamatini

Chukua cheo mama, kazi atafanya binti. Kwani wewe wa kwanza? 😂

Mgogo wa Bahi

Mbukwa dada. F ya hesabu na kutuma barua vinakutana wapi? Darasani kwetu F tulizoa karibu wote, na mmoja wetu leo ana maduka matatu pale Majengo, chenji hakosei hata shilingi hamsini.

Ticha wa Zamu

Dada, pole. Nafundisha hesabu sekondari mwaka wa kumi na mbili huu. Hiyo "sina kichwa" naisikia kila Januari, tena wanaokuja nayo ni wazazi: "Mwalimu, huyu amefuata upande wa mama yake." Mtoto amesimama pale pale anasikia. Unategemea nini Februari?

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Carol Dweck, amelichunguza jambo hili miaka mingi. Mwaka 1998 (mwaka wako huo huo wa F) yeye na mwenzake walichapisha majaribio ya watoto wa darasa la tano waliopewa mafumbo. Walipofanya vizuri, wengine waliambiwa "una akili", wengine "umejitahidi". Kisha wakaletewa magumu, wakachemsha. Walioitwa wenye akili ndio waliovunjika zaidi: wakataka kazi nyepesi, matokeo yakashuka, na baadhi walipoulizwa alama zao wakadanganya.

Sasa jiangalie. Miaka ishirini umeambiwa "huyu mama ana kichwa cha majalada". Sifa tamu, lakini ndiyo hiyo iliyofanya barua moja kwenda mara nne ikuume namna hii. Umeona kama kichwa chenyewe kimekwisha, wakati ulichokosa ni kusubiri kiduara.

Ila nisikuuzie maneno. Mwaka 2019 ulitoka utafiti mkubwa, wanafunzi kama 12,000 huko huko Marekani, wakapewa somo la mtandaoni lisilofika saa moja kwamba akili hukua ikifanyishwa kazi. Waliokuwa nyuma kimasomo, wastani wao wa alama, ambao mwisho wake ni 4, ulipanda kwa pointi 0.1. Ni kidogo. Na faida yenyewe ilidumu pale ambapo wanafunzi wenzao nao walipenda kujaribu magumu. Kwa hiyo kujiambia "naweza, naweza" mbele ya kioo hakutoshi.

Kilichonisaidia mimi darasani ni kuacha kuweka kosa kubwa jekundu juu ya swali zima. Sasa natafuta mstari ulipoharibikia. Nilikuwa na binti anafeli aljebra yote. Tulipokaa, tatizo lilikuwa moja: alama ya kutoa ikiwa mbele ya mabano, alikuwa anaibadilisha kwa namba ya kwanza tu. Miaka miwili anaitwa mzito kwa ajili ya kimstari hicho.

Bati Geji 28

Mwalimu nakuheshimu, lakini hizi habari za badili mtazamo mabosi wanazipenda kwa sababu ni bure. Watu arobaini, siku moja, mwalimu anakimbia, halafu anayeshindwa ndiye mwenye mtazamo mbaya? Mama, usijibebeshe mzigo usio wako. Kabla ya kusema ndiyo au hapana, mwambie bosi: nipe mtu wa kukaa na mimi saa moja kwa siku, wiki mbili, na kompyuta ambayo nikiharibu haliharibiki jambo la mkurugenzi. Akikataa, basi cheo hicho ni mtego, kiache.

Ticha wa Zamu

Hapo sipingi.

Zabibu Hombolo

Mimi nina ekari mbili za zabibu huku Hombolo. Naona mnazungumza vitabuni, mimi nitasema ya shambani.

Nilianza nikiwa na miaka 51, nimetoka kwenye mtama na uwele. Huku kwetu zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila msimu unaanza na kupogoa. Mara ya kwanza nilikata kwa huruma, naona mti umependeza, naanzaje kuufyeka? Nikaacha matawi marefu. Nikapata majani ya kulisha mbuzi wa kijiji kizima, zabibu za kuonja. Msimu wa pili nikakasirika, nikakata kila kitu mpaka shina likabaki kama fimbo. Nako sikupata.

Wakati huo kila mtu ananiambia mzee kaza. Nikaze nini? Nilikuwa nimekaza tangu mwanzo, jasho silikosi. Msimu wa tatu nilinunua daftari la shilingi mia tano. Mstari wa kwanza nikaacha macho mawili kila tawi, wa pili matatu, wa tatu manne, nikaandika. Halafu nikamleta jirani anayejua, nikamwomba akate mti mmoja taratibu nikiwa nimesimama, aniambie kwa nini amekata hapa akaacha pale. Mti mmoja ule tulichukua nusu saa. Nilijifunza kuliko misimu miwili yote.

Hicho ndicho nakuombea wewe, mtu akukatie mti mmoja taratibu.

Konda wa Jamatini

Mzee wa zabibu anajua kuongea. Nafuta utani wangu wa juu, mama samahani.

Binti Tehama

Shikamoo mama. Nipo kwenye kitengo cha tehama (ofisi nyingine, usiogope, sikujui). Kazi yangu ni kupokea simu za "mfumo umegoma". Naomba usiseme tena "mashine sina kichwa nayo", maana siwezi kukusaidia hapo. Niambie ni wapi hasa unakwama. Barua imeshika mkono wako, inaanza safari. Unasimama wapi?

Mama Folio

Marahaba mwanangu. Nimerudi, samahani kwa kuchelewa, umeme ulikatika.

Nimewasoma wote. Ya mwalimu imenikalisha kitako. Jana ofisini nikafanya kama alivyosema mzee wa Hombolo, nikachukua daftari, kila nikikwama naandika. Nilijua nitajaza kurasa. Siku nzima yametoka mambo matatu:

Kuskani naweza. Kupakia naweza, ila faili likishaingia kwenye kompyuta sijui limekwenda kukaa wapi, nalitafuta kama funguo. Paswedi nimeiandika nyuma ya kalenda na kila mtu anaiona, naona hapo mwanangu umeshashika kichwa. Na la tatu ndilo linalonitisha hasa: sijui kama kitu kimetumwa au bado. Zamani nilikuwa natia saini kwenye rejesta, nampa mhudumu jalada, namwona anaondoka nalo. Sasa naona kiduara.

Bosi nimemwomba hilo la saa moja. Hakukataa, amesema nianze na yule binti wa UDOM saa tisa kila siku. Nimeona aibu kidogo, ndiye niliyekuwa namwonea wivu. Leo amenionyesha faili linapokaa. Naye ameniomba nimfundishe kusoma namba za majalada ya zamani, anasema anayaona kama maandishi ya mganga.

Jibu la cheo sijatoa, zimebaki siku tisa.

Bati Geji 28

Na yule wa korido anayekuita Mara Nne?

Mama Folio

Huyo leo kaja kutafuta barua ya 2014 haioni kwenye mfumo. Nimempa jalada, folio 37. Ameita "mama" tu.

Binti Tehama, nina swali. Nikishapakia barua, kabla sijabonyeza tuma, nikirudi nyuma inafutika? Nimekuwa naogopa kugusa.

Binti Tehama

Mama, kesho saa tisa skani karatasi tupu, andika juu yake kwa kalamu JARIBIO. Ipakie, usitume, rudi nyuma. Halafu uje utuambie umeikuta wapi. Paswedi ya kalenda ibadilishe leo.