Kikundi cha familia, Bombo, Uganda: tumbo la Mama

Halima: Asalaam aleikum. Tumbo la Mama limerudi tena. Linajaa gesi, linanyonga, akienda chooni anapata nafuu kidogo kisha linaanza upya. Nani anajua dawa ya kienyeji?

Shangazi Zubeda: Waaleikum salaam. Pole mwanangu. Mpe wifi yangu mujaaja, ule wa kunukia wa jamii ya mrehani. Majani machache, maji ya moto, funika kwanza. Asubuhi mululuza, yale majani machungu.

Mjomba Idi: Shubiri ndiyo kiboko! Anywe kila siku tumbo lisafike.

Halima: Anainywa mjomba. Sasa anaharisha.

Fatuma: Shikamooni wakubwa. Mjomba, niwie radhi, shubiri aiache leo hii. Ule utomvu wa njano chini ya ganda la jani ndio unaoharisha. Unamtoa maji na potasiamu, na Mama Mkubwa yuko kwenye dawa za presha. Hapo moyo unaweza kusumbuka.

Mjomba Idi: Lo! Basi aache.

Fatuma: Mujaaja mwepesi sawa, shangazi. Ila kwa IBS, yaani tumbo la kunyonga na gesi linalorudirudi, kilichochunguzwa zaidi ni mafuta ya mnanaa ya vidonge. Yanalegeza misuli ya utumbo, kunyonga kunapungua. Akiwa na kiungulia yatamzidishia. Na isabgol, maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi, kwenye maduka ya Wahindi: aanze na kijiko kidogo, bilauri nzima ya maji, akoroge anywe papo hapo kabla haijavimba.

Fatuma: Jana jioni alikula nini?

Halima: Rolex, ile chapati ya kukunja na mayai, kitunguu na kabeji, na maharage yaliyobaki mchana.

Fatuma: Ngano, kitunguu, kabeji, maharage, vyote kwa siku moja! Hivyo vinachacha utumboni na kutoa gesi. Apumzishe kitunguu na maharage kwanza, tuone.

Mjomba Idi: Na ile chupa ya sokoni? Muuzaji anasema inatibu IBS, vidonda na kisukari.

Fatuma: Mjomba, chupa isiyosema ndani mna nini asiiguse. Halima, choo kina damu? Amepungua?

Halima: Damu hapana. Ila gauni lake la sikukuu ya Idi linamwanguka mabegani.

Fatuma: Aah dada, hilo ungelisema kwanza. IBS haikondeshi mtu hivyo. Mama kapita miaka 50, lazima apimwe damu na choo, na daktari aamue kama utumbo utazamwe kwa kamera. Msingoje mujaaja ufanye kazi.

Shangazi Zubeda: Jumatatu saa moja asubuhi niko mlangoni kwenu. Halima, weka dawa zake zote za presha kwenye mfuko.

Fatuma: Na hiyo chupa pia, daktari aione.