IST, Dualis au Forester ya mkononi: nikague nini kabla sijatoa hela?

Kijana wa Tabata
Wakuu, habari za humu. Nina milioni 14 na daladala zimenichosha. Nimechuja nikabaki na gari tatu, zote za mkononi, zote ziko Dar. Toyota IST ya 2004, cc 1496, namba D (herufi za usajili zinaanza na D), mwenyewe anataka 11 na nusu. Nissan Dualis ya 2008, anaomba 15 ila dalali anasema atashuka. Na Subaru Forester ya 2005 isiyo na turbo, milioni 12, mwenye gari anahamia mkoani.

Safari zangu ni Tabata–Posta kila siku, na Iringa kwa wazee mara mbili kwa mwaka. Mambo ya injini sijui, najua kujaza mafuta tu. Nichukue ipi, na kwa kila moja nikague nini?

fundi_buguruni
Naanza na Dualis kwa sababu ndiyo itakayokutoa udenda. Injini yake haina neno, shida ni giaboksi. Ile ni CVT: ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na oili yake ni NS-2. Kama kuna fundi aliwahi kumimina humo ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, hapo unanunua ugonjwa. Usiijaribu kwa kuzunguka mtaa mmoja, giaboksi ikiwa baridi itakudanganya. Endesha nusu saa nzima, ipigwe na foleni, halafu ipandishe vilima vya Goba. Ikitetemeka unapoondoka taratibu, au mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda na gari haliendi, rudisha funguo. Gari la namna hiyo na mlima Kitonga wa njia ya Iringa havipatani.

IST ni rahisi zaidi kuikagua. Taimingi yake ni cheni, siyo mkanda. Ila hizi za mwanzo nyingi zinakula oili, kwa hiyo kitu kikubwa ni moshi. Nenda asubuhi sana, na kabla ya salamu GUSA BONETI. Ikiwa ya moto, ujue wameshaiwasha kabla yako, na kuna kitu hawataki ukisikie. Iwashe ikiwa baridi, usikilize sekunde za mwanzo: kama cheni inachakacha, punguza bei au ondoka. Iache isilensa dakika kumi, kisha mwenzako apige resi wewe ukiwa nyuma ya ekzosi. Wingu la bluu likitoka mara moja kisha likakata, mara nyingi ni sili za valvu, hiyo ina nafuu. Likiendelea kila unapokanyaga mafuta, ringi za pistoni zimekwisha, ni kushusha injini.

Ujanja mwingine: wanaweka oili nzito ili izibe moshi na kelele kwa wiki mbili tatu. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili mpya inayong'aa, nzito kama asali, kwenye gari linalouzwa leo? Muulize kwa nini ameimwaga jana.

Mama Junior Kigamboni
Fundi umesema vizuri ila umesahau mafuriko. Mimi niliuziwa gari lililozama. Injini ilikuwa safi kabisa, ndani wameninginiza marashi matatu, nikadhani ni usafi wa mtu mstaarabu! Miezi miwili mbele vioo vikawa vinashuka vyenyewe, taa zinawaka zinavyojisikia, na fundi umeme akawa kama ndugu wa familia.

Mdogo wangu, inua kapeti uweke mkono chini yake. Angalia bolti za viti kama zina kutu, fungua pale linapolala tairi la spea utafute tope. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, pale hawasafishagi.

Mzee wa Bokisa
Naona Forester mnaipita kama haipo. Nina yangu mwaka wa sita. Injini imelala, silinda mbili kila upande, na ndiyo maana ikivuja inavujia pembeni chini ambapo hupaoni ukiwa umesimama. Ipandishe kwenye pandio la gereji, mulika tochi pale hedi inapokutana na bloku. Kisha fungua rejeta IKIWA BARIDI, iwashe, uangalie maji. Yakitoa mapovu bila kukoma, hedi gasketi inapitisha.

Halafu muulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Ni kila kilomita laki moja hivi. Akijibu "upo vizuri tu" hesabu kwamba haujabadilishwa, na toa gharama hiyo kwenye bei. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana.

Kwa foleni ya Posta lakini, nisikudanganye, wese utalilia.

otieno_wa_Nakuru
Huku Kenya gari lililozidi miaka minane haliingii nchini, kwa hiyo hizo za 2004 tunapata zilizozeekea hapa hapa. Kilomita kwenye dashibodi usiziamini. Angalia raba ya pedali ya breki na ngozi ya usukani. Gari linasoma 78,000 na pedali imelika hadi chuma?

fundi_buguruni
Kweli. Na ukiweka swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa. Ukija na mtu wa mashine ya kupima gari, mwambie asiishie kusoma makosa, aangalie pia kama yamefutwa karibuni.

Mama Junior Kigamboni
Na kadi! Namba ya chesisi kwenye kadi ifanane na iliyogongwa kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari kabla ya kulipa, usije kurithi madeni ya mtu.

Kijana wa Tabata
Mrejesho. Dualis jana nimeendesha dakika arobaini na dalali pembeni akinung'unika mafuta. Goba kilima cha pili ikaanza kutikisika kama mtu mwenye homa. Nimeiacha hapo, hata aliposhuka hadi milioni 12.

IST nimefika leo saa 12 na nusu asubuhi bila kumtaarifu. Nimegusa boneti, ya moto. Jamaa akasema ametoka kumpeleka mtoto shule.

Leo Jumapili.

Mzee wa Bokisa, kesho uko wapi? Nataka tuende wote kwenye Forester.