Naomba ushauri: hadithi gani ya mapenzi itanishika nikiwa nakesha na mgonjwa?

Zamu_ya_Usiku:
Ndugu wasomaji, habari zenu. Mama yangu mzazi amelazwa, hii ikiwa wiki ya tatu, na kwa kuwa ndugu zangu wana watoto wadogo, zamu za usiku zimeniangukia mimi. Hali yake si mbaya, lakini bado tunasubiri majibu ya vipimo, na kusubiri huko ndiko kunakonimaliza. Mchana nina shughuli zangu. Ikifika saa nane za usiku, wodi ikiwa kimya, akili huanza kuhesabu mambo ambayo hata hayajatokea.

Nimeamua kusoma, na ninataka hadithi ya mapenzi, kwa sababu riwaya za upelelezi na mauaji nilizozizoea kwa sasa zinanitia kiwewe. Nilimwomba rafiki yangu anipe kitabu kizuri cha mapenzi, akaniletea riwaya ambayo nusu ya kwanza ilikuwa tamu kwelikweli, na katika nusu ya pili kijana akaugua, akalazwa, akafa. Nilikimalizia chooni ili mama asinisikie nikilia. Simlaumu rafiki yangu, maana kitabu chenyewe kimeandikwa vizuri. Kosa lilikuwa langu la kutojua namna ya kuuliza.

Jambo jingine ni kwamba akili haitulii, ukurasa mmoja naurudia mara tatu. Ninasoma Kiswahili na Kiingereza. Naomba mnisaidie namna ya kuchagua, na kama kuna kitabu mnachokijua vyema, mnitajie.

Kalamu_Kavu:
Pole sana, dada. Kwangu mimi hakuna hadithi ya mapenzi iliyowahi kuishinda Wuthering Heights ya Emily Brontë, iliyotoka mwaka 1847. Ukiianza hutaikumbuka wodi, kwa maana mapenzi ya Heathcliff na Catherine yana nguvu ambayo waandishi wa leo hawaigusi.

Mtunza_Rafu:
Ndugu Kalamu, ninakuheshimu, lakini umempa mgonjwa wa tumbo pilipili. Catherine anakufa kitabu kikiwa hakijafika hata nusu, na sehemu kubwa inayobaki ni mtu mmoja akilipiza kisasi hadi kwa watoto ambao hawakumkosea lolote. Ni riwaya kubwa, sibishi, ila wanaoisifu kwa mapenzi mara nyingi huwa wanakumbuka kurasa chache walizozipenda na kuyasahau mateso yaliyozizunguka.

Kwa hofu hiyohiyo ninamwomba dada asikimbilie Love in the Time of Cholera ya Gabriel García Márquez, ambayo bila shaka mtu ataitaja hapa kabla ya kesho. Ninaipenda kupita kiasi. Mwanamume anamsubiri mwanamke kwa miaka 51, miezi tisa na siku nne, na mwandishi anakufanya uamini kila siku ya hesabu hiyo. Lakini kitabu kinafunguka kwa mtu aliyejiua, na kabla sura ya kwanza haijaisha daktari mzee anaanguka kutoka kwenye ngazi akimwandama kasuku mtini, akafa. Kisome mama akisharudi nyumbani.

Bi_Kurasa:
Mwanangu, pole kwa kuuguza. Nami niliwahi kukaa kwenye kiti hicho unachokikalia, na nilifanya makosa yote mawili: nilisoma yaliyonihuzunisha, kisha nikasoma yaliyokuwa matamu mno hata yakaniudhi, kwa sababu watu wawili wanaopendana bila tatizo lolote hawamzuii mtu kuwaza ya kwake. Utamu pekee haushiki akili. Akili hushikwa na fundo linalohitaji kufunguliwa.

Kwa hiyo unapouliza kuhusu kitabu cha mapenzi, usiulize kama ni kizuri. Uliza ni nini kinachowatenganisha hao wapendanao. Kuna visa ambavyo kikwazo chake kinatoka nje: maradhi, vita, ufukara, wazazi waliokataa. Humo msomaji hana la kufanya isipokuwa kuomba kikwazo kiondoke, na hiyo ndiyo kazi unayoifanya tayari kila usiku kando ya kitanda. Hakuna haja ya kuongezewa zamu. Kuna visa vingine ambavyo kikwazo kimo ndani ya watu wenyewe, kama vile kiburi, aibu, neno lililosemwa vibaya miaka iliyopita, au mtu aliyemhukumu mwenzake kwa haraka. Visa vya namna hii humpa msomaji kazi. Utakuwa unapima kila salamu na kila kimya, unajiuliza kama yule ameelewa au hajaelewa, na wakati huo wote hakuna anayekufa.

Swali la pili ni mwisho wake. Uulize waziwazi, wala usione haya. Romance Writers of America, ambacho ni chama cha waandishi wa riwaya za aina hii cha huko Marekani, kiliweka masharti mawili ya kuitambua riwaya ya mapenzi: kisa cha mapenzi kiwe ndicho kiini chake, na mwisho wake uridhishe moyo na uwe na matumaini. Kitabu alichokupa rafiki yako kina sharti la kwanza na hakina la pili. Mkutubi au muuza vitabu anayeijua kazi yake atakuelewa ukimwambia kwamba unataka yote mawili.

Mchonga_Mwiko:
Ninaomba nipingane kidogo na Bi Kurasa. Baba yangu alipokuwa anaumwa, hadithi zenye mwisho mwema zilinifanya nijione nimetengwa na ulimwengu wa watu wenye raha. Zilizonisaidia ni zile za huzuni, kwa kuwa ziliniruhusu kumlilia mtu mwingine badala ya kumlilia baba, nami nikarudi kwenye kiti nikiwa mwepesi. Watu hatufanani. Dada ameshajijibu mwenyewe kwa kutuambia kwamba alijificha ili alie, hivyo sitamsukuma huko, lakini nisingependa ionekane kwamba machozi ni kosa la kuchagua vibaya.

Zamu_ya_Usiku:
Shikamoo Bi Kurasa, na ahsanteni nyote. Ndugu Mchonga Mwiko, nimekuelewa, na huenda siku moja nikaja huko. Kwa sasa machozi yananimaliza nguvu ambazo nitazihitaji asubuhi.

Nina wasiwasi mmoja: nikishauliza mwisho, je, nitabaki na hamu ya kusoma? Nimelelewa na ndugu ambao ukimsimulia mmoja wao mwisho wa kitabu, mnanuniana wiki nzima.

Mtunza_Rafu:
Katika hilo utafiti uko upande wako. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakiwa wamedokezewa mwisho na wengine hawajadokezewa, na kwa jumla waliodokezewa ndio waliosema wamezifurahia zaidi. Mimi mwenyewe siuchukulii kuwa neno la mwisho, kwa sababu zile zilikuwa hadithi fupi, na riwaya ya kurasa 300 humvuta mtu kwa njia nyingine. Hata hivyo fikiria jambo hili: katika riwaya ya mapenzi karibu kila mtu anajua tangu mwanzo ni akina nani watakaooana. Anachosomea ni namna watakavyofika huko.

Kalamu_Kavu:
Nimekubali kukosolewa, ingawa bado ninampenda Heathcliff wangu. Basi nipendekeze cha Kiswahili: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999. Msichana Yasmin ameozwa kwa mzee asiyempenda, anakimbia, na maisha yanamkutanisha na Denge, kijana aliyezama katika harakati za kupinga ukoloni. Lugha yake inateleza, na visa vinafuatana bila kumpa msomaji nafasi ya kusinzia.

Bi_Kurasa:
Kitabu kizuri, na Kiswahili chake ni raha, lakini kwa kipimo changu kikwazo kikubwa humo kinatoka nje: ndoa ya kulazimishwa, ubaguzi, polisi, siasa. Mwenye nguvu atakifurahia sana. Wewe mwanangu kiweke cha pili au cha tatu.

Kwa usiku huu ningekupa Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyochapishwa mwaka 1813, na sababu yangu si umaarufu wake. Ina sura 61, na nyingi ni fupi kiasi kwamba utamaliza moja kabla muuguzi hajapita tena. Kikwazo ndicho kile nilichokieleza, watu wawili wenye akili waliohukumiana mapema mno. Maradhi makubwa yaliyomo ni mafua aliyoyapata dada wa binti mkuu wa kisa kwa kunyeshewa na mvua, nayo yanatumika zaidi kuwachekesha wasomaji kuliko kuwatisha. Tena mama wa binti hao atakuchekesha hata usipotaka.

Zamu_ya_Usiku:
Bi Kurasa, hicho nilikisoma shuleni, na mwalimu alitupa maswali mengi hata kikanikinai. Je, hakuna kingine cha namna hiyohiyo?

Nukta_Mkato:
Mimi huwa nasoma tu bila kuchangia, ila hapa nimeshindwa kunyamaza. Soma Persuasion, ya mwandishi huyohuyo. Kilitoka mwishoni mwa mwaka 1817, miezi mitano baada ya yeye kufariki, na kina sura 24 tu. Anne Elliot ana miaka 27. Miaka minane iliyopita alishawishiwa avunje uchumba na Frederick Wentworth, baharia asiye na mali wakati ule, na sasa amerudi akiwa nahodha mwenye fedha, bado ana kinyongo, na wote wawili wanalazimika kukaa vyumba vilevile na kusalimiana kama watu baki. Waswahili wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hapa kuna watu wawili wanaokizuia kikohozi kwa kurasa zaidi ya mia mbili, na wewe msomaji ndiye unayekisikia.

Nikuonye kuhusu mambo mawili. Mwanzo wake ni mzito: baba mtu ana majivuno na madeni, nyumba inapangishwa, majina ni mengi, na akina Charles wako zaidi ya mmoja. Nahodha mwenyewe haingii chumbani hadi sura ya 7. Vumilia, au soma sura tatu za mwanzo mchana ukiwa na akili timamu. La pili ndilo kubwa kwako: katika sura ya 12 msichana mmoja anaanguka, anagonga kichwa na kupoteza fahamu, na kwa muda watu wanakaa wakisubiri habari za daktari. Anapona. Ninakuambia sasa ili usije ukafika hapo saa nane za usiku ukadhani tumekudanganya.

Bi_Kurasa:
Nukta Mkato, ungekuwa unachangia mara kwa mara. Mimi nilikisahau kile kisa cha kuanguka, na ningempeleka mtoto wa watu huko bila kumtahadharisha.

Mchonga_Mwiko:
Kuhusu kurudia ukurasa mara tatu, mimi nilisaidiwa na kuacha katikati ya mazungumzo badala ya mwisho wa sura, kwani niliporudi nilikuta kuna mtu anangoja kujibiwa, nikaingia moja kwa moja. Na kama unasoma kwenye simu, punguza mwanga na ufunge intaneti, la sivyo utajikuta unatafuta maana ya vipimo vya mama badala ya kusoma.

Zamu_ya_Usiku:
Hilo la simu umelisema kana kwamba ulikuwa nyuma yangu jana. Nimepata Persuasion ya karatasi, nimeianza. Nitaleta habari.

Zamu_ya_Usiku:
Ndugu zangu, ni siku ya tano. Majibu bado. Nimefika sura ya 13, ile ya 12 nimeipita salama kwa sababu nilijua anapona, na kwa kweli nilijishika nikiwahurumia zaidi waliokuwa wamesimama pembeni bila la kufanya. Sura ya 7 niliisoma mara mbili, safari hii kwa kutaka. Wanakutana baada ya miaka minane, wanainamiana vichwa kwa salamu, basi, na mimi mapigo ya moyo yakawa yananienda mbio kama mimi ndiye niliyeachwa.

Limetokea jingine. Juzi mama hakupata usingizi, akaniuliza ninasoma nini kinachonifanya nitabasamu peke yangu. Nikaanza kumsimulia kwa Kiswahili, sura kwa sura, na sasa kila usiku ananiuliza yule nahodha amesema nini. Aliniuliza pia kama wataoana. Nilimwambia sijafika huko, jambo ambalo si uongo. Swali langu sasa ni je, nikimaliza, kuna kitu gani kinachofaa kusimuliwa kwa mdomo, kwa vipande, kwa mtu anayesinzia katikati?

Mtunza_Rafu:
Alfu Lela Ulela, dada. Ilitungwa kwa ajili ya usiku, na kisa chake kikuu ni mwanamke anayesimulia na kukatiza alfajiri ili apewe usiku mwingine. Yamo mapenzi ya kila namna. Ila chagua mwenyewe kabla ya kumsimulia mama, kwa maana humo pia kuna vichwa vinavyokatwa bila taarifa.

Bi_Kurasa:
Na mama akikuuliza tena kuhusu ndoa ya nahodha, mwambie bado. Mfikishe kwanza kwenye ile barua ya sura ya 23.